Zamu Mezani: Istilahi za Mabadilishano ya Wachezaji katika NBA

Machi 15, 2012 ilikuwa siku ya mwisho kwa timu za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kubadilishana wachezaji msimu ule. Siku hiyo Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam na Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, alitoka Houston Rockets akawa wa Portland Trail Blazers. Alikwenda pamoja na Jonny Flynn na haki moja ya uteuzi ya raundi ya pili. Houston ikampata Marcus Camby, senta mkongwe. Thabeet hakusaini mkataba mpya, wala Portland haikulipa ada ya uhamisho. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuieleza habari hii kwa msamiati wa soka anakwama mapema: mchezaji hakuuzwa, hakukopeshwa, na kusema "amehama" ni kumpa uamuzi ambao hakuufanya yeye.

Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, ilibidi klabu mbili zipatane bei, mchezaji mwenyewe aridhie, na mkataba mpya uandikwe. Ndiyo maana neno uhamisho linaitosha soka. Mtu anahama, fedha zinarudi alikotoka. Katika NBA kinachosafiri ni mkataba. Mchezaji aliyebakiza miaka mitatu anapokelewa na timu mpya kwa miaka ileile mitatu na mshahara uleule, na ridhaa yake haiulizwi, isipokuwa kwa wachache sana wenye kifungu cha kuwaruhusu kukataa. Upande wa pili hurudi wachezaji wengine, au haki ya kuchagua vijana ambao huenda bado wako sekondari.

Kwa tendo hilo napendekeza tushikamane na neno mabadilishano. Vijana viwanjani husema "tredi", na sina ugomvi nao. Neno fupi lina faida yake katika mazungumzo ya haraka. Lakini kwa maandishi, mabadilishano yana kitu ambacho tredi haina: kiambishi kile cha kutendeana kinachomlazimisha msikilizaji kuuliza, "Na wao wametoa nini?" Swali hilo ndilo moyo wa mjadala wote. Istilahi "biashara ya wachezaji" sikubaliani nayo hata kidogo. Lugha yetu ilikulia katika pwani ya Bagamoyo na Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na biashara ya watu ni maneno yenye uzito wake kwetu. Hatuna haja ya kuyaazima kwa ajili ya mchezo.

Kuna tatizo moja la kisarufi, na tulikabili. Huwezi kusema "Thabeet amebadilishwa" bila kueleweka kwamba ametolewa uwanjani akaingia mwingine. Njia rahisi ni kuacha kitenzi hicho kabisa na kutumia viwili vya kawaida, kutoa na kuchukua: Houston imemtoa Thabeet, imemchukua Camby. Au: amepelekwa Portland kwa mabadilishano. Sentensi hizi ni nyepesi, na zinataja nani ameamua.

Ugumu halisi uko kwenye kile ambacho wazungumzaji wengi huita "chaguo". Kila Juni timu 30 za NBA huchagua wachezaji wapya kwa raundi mbili. Tukio lenyewe naliita uteuzi, maana drafti imeshachukuliwa barazani na mchezo wa kete. Timu dhaifu ndizo hutangulia kuchagua, na nafasi za mbele kabisa hupangwa kwa bahati nasibu. Nafasi ya kuchagua inaweza kutolewa kwa timu nyingine miaka mingi kabla ya siku yake. Je, kitu hicho kinachotolewa mwaka huu kwa ajili ya miaka mitano ijayo ni chaguo? Hakuna aliyechaguliwa. Aliyepewa amepata zamu.

Zamu ni neno sahihi, na tunalo tangu zamani. Wanaocheza upatu wanajua kwamba zamu ni mali: aliyepangwa wa saba lakini amebanwa na ada ya shule humwendea mwenzake wa pili wakabadilishana, pengine kwa nyongeza kidogo. Tofauti ni kwamba katika upatu kiasi kinajulikana. Katika NBA anayepokea zamu ya timu fulani ya mwaka 2029 hajui kama itakuwa ya kwanza au ya 30, kwa sababu hilo litategemea timu hiyo itafungwa mara ngapi. Kwa hiyo tuseme zamu ya raundi ya kwanza pale ambapo namba haijajulikana, zamu ya saba pale inapojulikana, na chaguo tulihifadhi kwa mchezaji mwenyewe baada ya kutajwa jukwaani. Thabeet alikuwa chaguo la pili la mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, kwa sababu Memphis Grizzlies ilikuwa na zamu ya pili.

Siku ileile ya Machi 2012 Portland ilifanya mabadilishano mengine, na hayo ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote. Timu ilikuwa imeamua kujisuka upya. Ilimfukuza hata kocha wake, Nate McMillan. Ikamtoa Gerald Wallace, winga mpiganaji aliyekwisha fikisha umri wa miaka 29, kwenda New Jersey Nets. Ikachukua wachezaji wawili na zamu ya Nets ya raundi ya kwanza ya mwaka huohuo, yenye kinga. Kinga ni neno la tatu tunalolihitaji. Maana yake: zamu ikiangukia ndani ya nafasi zilizotajwa, mwenyewe anabaki nayo, na mara nyingi deni husogezwa hadi mwaka unaofuata. Nets walikinga nafasi tatu za kwanza tu. Walimaliza msimu kwa ushindi 22 na vipigo 44, bahati nasibu ikawaweka wa sita, kinga haikufanya kazi, na Portland ikatumia zamu hiyo kumchagua Damian Lillard. Alikuwa mchezaji bora miongoni mwa wapya wa msimu uliofuata, akaibeba timu hiyo hadi mwaka 2023.

Nets hawakukoma. Walikuwa wamehamia Brooklyn na walitaka ubingwa upesi. Julai 2013 wakachukua kutoka Boston Celtics Kevin Garnett mwenye miaka 37 na Paul Pierce mwenye 35, pamoja na Jason Terry. Wakatoa wachezaji kadhaa, Gerald Wallace yuleyule akiwamo, na zamu zao za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, bila kinga yoyote. Juu yake wakaipa Boston haki ya kubadili zamu mwaka 2017.

Kwa nini miaka iliruka hivyo, na kwa nini 2017 haikutolewa moja kwa moja? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ted Stepien, mmiliki wa Cleveland Cavaliers, aligawa zamu za raundi ya kwanza mwaka baada ya mwaka hadi ligi ikaingilia kati. Kanuni inayobeba jina lake inakataza timu kujiacha bila zamu yoyote ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili inayofuatana mbele yake. Kubadili zamu ni mlango uliobaki wazi: timu haiachwi mikono mitupu, ila inaweza kujikuta na zamu mbaya zaidi. Na ndivyo ilivyotokea. Msimu wa 2016–17 Nets walishinda mechi 20 tu, wa mwisho katika ligi nzima. Boston ilishinda 53. Zamu ya kwanza ikaenda Boston, Nets wakapewa ya 27. Mwaka mmoja kabla, zamu ya tatu ya Nets ilikuwa imeipa Boston Jaylen Brown. Hiyo ya kwanza ya 2017 Boston iliipeleka Philadelphia, ikapata ya tatu na zamu nyingine ya baadaye, ikamchagua Jayson Tatum. Brown na Tatum ndio waliokuwa nguzo za ubingwa wa Boston mwaka 2024.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu mashabiki wa timu inayojisuka upya wanapobishana, ubishi huharibika pale pale maneno yanapoharibika. Kujisuka upya kwenyewe ni istilahi nzuri. Waandishi wetu wa michezo wamekuwa wakisuka vikosi kwa miaka mingi, na katika kusuka kuna kufumua kwanza. Lakini shabiki anayesema "tumuuze mkongwe wetu tupate fedha tusajili" anaifikiria Simba au Yanga. Fedha ambazo timu ya NBA inaruhusiwa kuongeza katika mabadilishano zina ukomo kwa mwaka, wala haziwezi kugeuzwa kuwa nyota. Kinachomzuia au kumwezesha meneja ni ukomo wa mishahara, kiwango ambacho ligi huweka kwa jumla ya mishahara ya timu. Timu iliyouvuka ukomo huo hulazimika kupokea mishahara inayokaribiana na ile inayoitoa. Hapo ndipo hutokea mchezaji kutajwa katika mpango bila mtu kumhitaji uwanjani: mkataba wake unasawazisha mizani. Wazungumzaji wa Kiingereza huwa na majina ya dharau kwa wachezaji hao. Sisi tuseme mkataba wa kusawazisha, tuutaje mkataba na kumwacha mtu na heshima yake.

Timu iliyo chini ya ukomo ina silaha nyingine, nayo ndiyo mashabiki huisahau. Inaweza kupokea mkataba mzito ambao wengine wanaukimbia, ikadai zamu kama malipo ya usumbufu. Juni 2021 Oklahoma City Thunder ilimtoa Al Horford na Moses Brown kwenda Boston, ikamchukua Kemba Walker, ambaye mshahara wake mkubwa Boston haikuutaka tena, na zamu ya 16 ya mwaka huo. Walker hakuwahi kuichezea Thunder. Zamu ndiyo iliyokuwa shabaha, na hata hiyo Thunder iliipeleka Houston ikapata zamu nyingine mbili za miaka ya mbele.

Kosa la pili la mashabiki ni kuthamini zamu kwa jina la nyota wanayemwota. "Zamu ya raundi ya kwanza" ya timu bora huwa karibu na ya 30. Ya timu dhaifu yaweza kuwa ya kwanza. Mtu akipendekeza kumtoa mfungaji wake kwa "zamu tatu", swali la kwanza liwe ni zamu za nani, la pili ni za mwaka gani, la tatu ni zina kinga ya namba ngapi. Februari 2020 Minnesota Timberwolves iliipa Golden State Warriors Andrew Wiggins na zamu yake ya 2021, yenye kinga ya nafasi tatu za kwanza, ikamchukua D'Angelo Russell. Zamu ikatua ya saba. Warriors wakamchagua Jonathan Kuminga, kijana mzaliwa wa Goma, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Mwaka 2022 Warriors walikuwa mabingwa, Wiggins akianza kila mechi ya fainali.

Zamu hazitoi ahadi, na sitaki kuzipamba. Februari 2011 Memphis ilimtoa Thabeet, DeMarre Carroll na zamu ya raundi ya kwanza ili kumchukua Shane Battier, mkongwe mlinzi, pamoja na Ish Smith. Ilikuwa timu inayotaka kushinda wakati huohuo, na miezi miwili baadaye, ikiwa ya nane upande wa Magharibi, iliiondoa San Antonio Spurs iliyokuwa ya kwanza. Aliyetoa zamu siku hiyo hakukosea. Timu inayojisuka upya na timu inayowania ubingwa zinaweza kukaa meza moja zikaondoka zote zimefaidika, kwa kuwa moja inahitaji miaka na nyingine inahitaji mwezi ujao. Mashabiki wanaodai kwamba kila mabadilishano lazima yawe na mshindi mmoja wanakosa utamu mkubwa wa mjadala huu.

Kati ya waliochagua kungoja, Thunder ndio waliongoja kwa nidhamu zaidi. Julai 2019 walimtoa Paul George kwenda Los Angeles Clippers, wakamchukua Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, zamu tano za raundi ya kwanza na haki mbili za kubadili zamu. Baadaye ikaja misimu miwili waliyofungwa mno, 2020–21 na 2021–22: ushindi 22, kisha 24. Zamu ya Clippers ya 2022 ikatua ya 12, wakamchagua Jalen Williams. Msimu wa 2024–25 walishinda mechi 68, Gilgeous-Alexander akatajwa mchezaji bora wa ligi, na Juni 2025 waliifunga Indiana Pacers katika mechi ya saba ya fainali. Siku hiyo walipokabidhiwa kombe, Clippers walikuwa bado wanadaiwa zamu ya mwaka 2026, isiyo na kinga.