Pangaboi na Taa Yake

Pangaboi ni feni inayoning'inia darini na kuzungusha mapanga yake juu ya vichwa vya watu. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa ndilo lililopewa nafasi ya katikati ya dari, na taa ikasogezwa ukutani. Marekani mambo yalikwenda kinyume: taa ilitangulia katikati, kisha feni ikaja kuibeba tumboni. Feni zinazouzwa siku hizi, zenye taa kali iliyojengwa ndani yake, zinatokana na mkondo huo wa pili, na historia yake yote inazunguka jambo moja la ufundi: dari ina kitovu kimoja, na vitu viwili vinakitaka.

Kabla ya umeme, upepo wa ndani ya nyumba ulikuwa kazi ya mkono. Pwani ya Afrika Mashariki watu walijipepea kwa kipepeo cha ukindu, hasa majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, joto linapochanganyika na unyevu na jasho likakataa kukauka. Hapo ndipo ilipo siri ya feni yoyote. Haipunguzi joto la chumba. Inaondoa hewa yenye unyevu iliyotuama juu ya ngozi, jasho linapata nafasi ya kugeuka mvuke, na mwili unapoa. Feni inayozunguka katika chumba kisicho na mtu hula umeme bure.

Nchini India, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, nyumba na ofisi za Waingereza zilitundikwa darini fremu pana ya mbao iliyovikwa kitambaa, ikaitwa panka, kutokana na neno la Kihindi lenye asili moja na lile la bawa la ndege. Kamba ilifungwa kwenye fremu na kupitishwa kwenye tundu la ukuta hadi barazani, na huko aliketi mtu wa kuivuta, mchana na usiku, kwa ujira mdogo mno. Akisinzia, upepo ulikatika, na bwana aliyelala ndani aliamka na hasira. Mahakama za kikoloni zilisikiliza kesi za wavuta panka waliopigwa mateke hadi kufa, na Wazungu waliowaua wakatozwa faini au kupewa vifungo vyepesi. Ni sehemu chungu ya historia ya kifaa hiki, wala haifai kurukwa: starehe ya aliyelala ndani ililipiwa na aliyekaa nje ya ukuta.

Neno hilo lilivuka Bahari ya Hindi. Kiswahili kina panka, na kina pangaboi, ambalo ndani yake linasikika jina la yule mvuta kamba: panka pamoja na boi, neno ambalo Waingereza walimwitia mtumishi wa nyumbani hata akiwa na mvi. Mtumishi alipoondoka na mota ikashika kazi yake, jina lake lilibaki darini. Masikio ya Waswahili nayo yalilisaidia kukaa, maana vipande vinavyokata hewa vinafanana na panga, na mafundi huviita mapanga hivyo hivyo.

Marekani ilifikia feni ya kuzunguka kwa njia ya viwanda. Katika miaka ya 1860 na 1870, mikahawa, maduka na ofisi zilifungwa feni za mapanga mawili zilizozungushwa kwa mikanda, nguvu ikitoka kwenye maji yanayosukuma gurudumu. Mkanda mmoja mrefu uliweza kuendesha feni kadhaa kwa safu. Mwaka 1886 John Hunter na mwanawe James walianzisha biashara ya feni za mota ya maji, na jina la Hunter lingali kwenye feni za dari hadi leo. Feni za enzi hizo hazikuwa na taa, wala hazingeweza kuwa nayo. Mwanga wa usiku ulitoka kwenye gesi, mafuta au mishumaa, na mwali wa moto haukai chini ya upepo. Kabla ya balbu ya umeme, feni na taa vilikuwa maadui wa kweli.

Aliyevipatanisha ni Philip Diehl, fundi aliyezaliwa Dalsheim, Ujerumani, mwaka 1847, akahamia Marekani na kufanya kazi katika kampuni ya vyerehani ya Singer, kwenye kiwanda chake cha Elizabeth, New Jersey. Mwaka 1882 ndio Thomas Edison alifungua kituo cha kufua umeme cha Pearl Street jijini New York, na Diehl mwenyewe wakati huo alikuwa akibuni balbu ya aina yake kushindana na ile ya Edison. Alikuwa pia akitengeneza mota ndogo ya kuendeshea cherehani. Akaichukua mota hiyo, akaifunga mapanga na kuitundika darini. Hataza ya feni hiyo aliipata mwishoni mwa miaka ya 1880. Tofauti na feni za mikanda, kila moja sasa ilikuwa na mota yake, na iliweza kufungwa popote penye waya. Baadaye Diehl aliongeza taa chini ya mota. Si ajabu wazo hilo kutoka kwake: mtu mmoja alikuwa na mota mkono mmoja na balbu mkono wa pili, katika miaka ileile ambayo nyumba zilikuwa zikipata waya wa kwanza. Diehl alifariki mwaka 1913, na umbo alilolianzisha, yaani feni juu na taa chini, halijabadilika tangu hapo.

Kwa nini taa iwe chini? Sababu ya kwanza ni kivuli. Taa ikiwa juu ya mapanga, kila panga likipita linakata mwanga. Feni ya mapanga matatu inayozunguka mara 300 kwa dakika huzunguka mara 5 kwa sekunde, kwa hiyo mwanga hukatwa mara 15 kila sekunde, kasi ambayo jicho bado linaiona. Kusoma chini ya mwanga wa namna hiyo kunachosha macho na kuumiza kichwa. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika chumba chenye balbu iliyofungwa juu ya feni anaijua adha hiyo.

Sababu ya pili ni umbo la mota yenyewe. Katika mota nyingi za kawaida, sehemu ya nje imetulia na ekseli ya ndani ndiyo inayozunguka. Mota ya feni ya dari imegeuzwa: koili za waya ziko katikati na hazisogei, na gamba la nje ndilo linalozunguka pamoja na mapanga. Ekseli imesimama tuli, na inaweza kuwa na uwazi ndani kama bomba. Waya wa taa hupita humo kutoka darini hadi chini ya mota bila kusokoteka, na taa hukaa bila kuzunguka ingawa kila kinachoizunguka kinakwenda mbio. Bila bomba hilo, taa ya chini ya feni isingewezekana kwa urahisi.

Huku kwetu historia ilifuata njia nyingine, na njia hiyo ilipita India. Calcutta ilianza kupata umeme wa kampuni mwaka 1899, na polepole panka za kamba zikashuka, feni za umeme zikapanda mahali pake. Afrika Mashariki umeme ulikuja kwa mafungu. Kasri la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ndilo jengo la kwanza visiwani kuwaka taa za umeme. Huko Mombasa, mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee alianza kusambaza umeme mwaka 1908. Tanganyika, baada ya mwanzo mdogo wa wakati wa Wajerumani, ilipata kampuni mbili za umeme mwaka 1931, moja ya Dar es Salaam na wilaya zake, nyingine iliyokuja kuwa TANESCO.

Mwanzoni umeme huo uliwafikia wachache, na feni ilikuwa alama ya ofisi ya serikali, benki, hospitali na duka la tajiri. Lakini namna ya kuifunga ilikuwa ya Kihindi. Katika nyumba za kale za Mji Mkongwe na Lamu, dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo ndizo zinazopanga upana wa chumba, kwa kawaida chini ya mita tatu. Chumba chembamba namna hiyo kikipata feni moja katikati kimetosheka. Nyumba za zege zilipokuja, fundi alizika kulabu ya chuma kwenye zege kabla halijakauka, katikati kabisa ya chumba, hata kama mwenye nyumba hakuwa bado na pesa ya feni. Kulabu hiyo iliamua mengi: kitovu cha dari kilishawekewa mwenyewe.

Taa ikahamia ukutani, na hilo liliwezekana kwa sababu ya taa ya tyubu, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938. Tyubu ya futi nne na wati 40 ilitoa mwanga mwingi kuliko balbu kadhaa, haikuwa na joto kali, na ilifungwa vizuri juu ya ukuta mrefu. Ikifungwa chini ya usawa wa mapanga, haitoi kivuli kinachocheza. Mpango huu wa feni katikati na tyubu ukutani umedumu India, Pakistan na pwani yetu kwa miongo mingi, na kwa haki kabisa: ni rahisi, unatengenezeka, na kimoja kikiharibika kingine kinaendelea. Feni za inchi 56 kutoka India na Pakistan, zenye regulata ya ukutani ya mwendo wa hatua tano, hazikuhitaji taa tumboni.

Marekani nako feni ilikaribia kusahaulika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viyoyozi vilipoingia majumbani. Iliyoirudisha ni bei ya mafuta. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ulipandisha gharama za nishati, na mwaka uliofuata Burton A. Burton alianzisha kampuni ya feni ya Casablanca huko California. Nyumba nyingi za Kimarekani za wakati huo zilikuwa na kisanduku kimoja tu cha waya katikati ya dari ya chumba cha kulala, na kisanduku hicho kilikuwa cha taa. Mwenye nyumba aliyetaka feni alilazimika kuing'oa taa. Ili asibaki gizani, feni ilibidi ije na taa yake. Hapo feni yenye taa ikageuka kuwa bidhaa ya kawaida, yenye vikombe vitatu au vinne vya kioo vilivyochanua kama maua.

Hata hivyo taa hizo hazikuwa kali, na sababu zake zilikuwa nzito. Balbu ya uzi wa moto hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na joto hilo lilipanda moja kwa moja kwenye mota. Mtikisiko mdogo wa mapanga ulikata uzi wa balbu kabla ya siku zake. Kisha sheria ikaingia: chini ya Sheria ya Sera ya Nishati ya mwaka 2005, serikali ya Marekani iliweka ukomo wa wati 190 kwa aina kadhaa za taa za feni, na watengenezaji wakafunga kifaa cha kukata umeme ukizidi hapo. Kwa balbu za uzi, wati 190 ni balbu tatu za wati 60, jumla ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kama 2400.

Kizuizi hicho kiliondolewa na LED. Shuji Nakamura alitoa LED kali ya buluu Japani mwaka 1993, akijenga juu ya kazi ya Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, na kutokana nayo ukapatikana mwanga mweupe. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Lumeni 2400 zilizohitaji wati 180 sasa hutoka kwenye wati 24 hivi, joto ni dogo, na hakuna uzi wa kukatika kwa mtikisiko. Sahani nyembamba ya LED inakaa chini ya mota bila vikombe vya kioo. Mota nazo zimebadilika: zile zisizo na brashi, zilizoenea India katika miaka ya 2010, hutumia wati 28 hadi 35 mahali ambapo mota ya zamani ilikula 75. Taa na feni kwa pamoja leo vinaweza kutumia umeme pungufu kuliko balbu moja ya zamani ya wati 100.

Feni zenye taa hizo sasa zinapanda kwenye kulabu zilezile zilizozikwa kwenye zege kwa ajili ya feni tupu, na mnunuzi wa huku anakutana na maswali ambayo baba yake hakuwa nayo. La kwanza ni lumeni, si wati: sebule ya mita nne kwa nne inahitaji lumeni 2400 au zaidi. La pili ni urefu, kwa kuwa taa inaongeza kina cha kifaa; mapanga yasishuke chini ya mita 2.1 kutoka sakafuni. La tatu ndilo linalosahaulika zaidi. Taa iliyojengwa ndani haina balbu ya kubadilisha; ikifa, hubadilishwa sahani nzima pamoja na kifaa chake cha umeme. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama sahani hiyo inapatikana peke yake. Kama haipatikani, chukua feni isiyo na taa, na uiache tyubu ukutani.