Wafalme wa Kansas City

Tarehe 28 Agosti 1945 kijana aitwaye Jackie Robinson aliketi mbele ya Branch Rickey, mkuu wa timu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, ofisini kwake Brooklyn. Mazungumzo yao yamesimuliwa mara nyingi, vitabuni na katika filamu: jinsi Rickey alivyomtolea matusi ya kila namna ili ampime kama ataweza kuyameza uwanjani bila ya kujibu, na jinsi Robinson alivyokubali kuubeba mzigo huo, ili awe mtu mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za Marekani baada ya miaka zaidi ya 60.

Liko jambo moja ambalo wasimulizi aghalabu hulipita mbio. Siku ile Robinson hakuwa mtu asiye na kazi. Alikuwa mchezaji wa Kansas City Monarchs, yaani Wafalme wa Kansas City, timu ya kulipwa iliyokwisha timiza miaka 25, yenye mataji yake na mashabiki wake. Timu hiyo haikuombwa ruhusa, wala haikulipwa hata senti moja. Makala haya yahusu timu hiyo na ligi iliyozaliwa pamoja nayo.

Msomaji wa visiwani huenda hajapata kuuona mchezo wenyewe. Yatosha kujua kwamba ni ndugu yake kriketi: mrushaji huurusha mpira mdogo mgumu, mpigaji huungoja na gongo lake, na akiupiga hukimbia kuvizunguka vituo vinne hadi arudi alipoanzia. Akiukosa mara tatu, ametoka. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, mdakaji mweusi, alicheza katika ligi kuu kwa timu ya Toledo. Miaka mitatu baadaye wenye timu za ligi moja ya daraja la chini walikubaliana wasitoe mikataba mipya kwa wachezaji weusi, na haukupita muda mwingi mlango ukafungwa kila mahali. Haikuandikwa sheria yoyote. Ulikuwa ni mwafaka wa mabwana, na mwafaka wa namna hiyo ni mgumu kuuvunja kuliko sheria, kwa kuwa hakuna karatasi ya kuichana.

Weusi hawakuacha kucheza. Kwa zaidi ya miaka 30 timu zao zilizunguka mji hadi mji zikicheza na yeyote aliyekubali, na mapato yakitegemea mawakala wa kizungu waliomiliki viwanja. Ndipo akatokea Andrew Foster, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rube, mzaliwa wa Texas, mrushaji mkubwa wa zama zake na mwenye timu ya Chicago American Giants. Tarehe 13 Februari 1920 aliwakutanisha wenye timu wenziwe katika jengo la YMCA la mtaa wa Paseo, mjini Kansas City, wakaunda Ligi ya Taifa ya Weusi yenye timu 8. Jengo lenyewe lilikuwa la weusi, katika mji uliotengwa kwa rangi. Kaulimbiu ya ligi, ambayo asili yake ni maneno ya Frederick Douglass, ilisema kwamba wao ndio jahazi, na vingine vyote ni bahari. Sisi watu wa visiwani twaweza kumwuliza Foster: ni jahazi gani lisilohitaji bahari? Lakini nadhani alilijua hilo kuliko sisi. Alitaka weusi wawe na chombo chao chenye nahodha wao, ili siku mlango utakapofunguliwa waingie kama timu nzima, si mtu mmoja mmoja.

Foster hakuiona siku hiyo. Mwaka 1926 akili yake iliteteleka, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kankakee, akafariki humo mwishoni mwa 1930. Ligi yake ilivunjika mwaka uliofuata, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi.

Katika timu zile 8, moja tu ilimilikiwa na mzungu, nayo ndiyo Monarchs. J. L. Wilkinson alikuwa mtu wa kimya, aliyewahi kuendesha timu iliyochanganya wachezaji wa mataifa na rangi mbalimbali. Foster alimshuku mwanzoni, lakini Kansas City haikuwa na uwanja mwingine wa kufaa wala mwenye timu mwingine, basi akamkubali. Hapana shaka hakujuta. Mwaka 1924, mabingwa wa ligi ya Foster walipokutana kwa mara ya kwanza na mabingwa wa ligi ya weusi ya mashariki, ni Monarchs waliosimama dhidi ya Hilldale ya karibu na Philadelphia. Michezo iliendelea hadi wa kumi, ikihama kutoka mji hadi mji, kwa kuwa mmoja ulikwisha sare. Mchezo wa mwisho ulifanyika Chicago katika baridi ya Oktoba. Kocha wa Monarchs, José Méndez wa Cuba, zamani alikuwa mrushaji wa kuogofya, lakini mkono ulikwisha kumchoka na daktari alimkataza kucheza. Siku ile alijiteua mwenyewe. Hilldale hawakupata hata alama moja. Monarchs walishinda 5 kwa 0. Miaka minne baadaye Méndez alikuwa amekufa.

Kisha kuna habari ya taa, ambayo mimi huipenda kuliko zote. Mdororo ulipoanza, watu wenye kazi hawakuthubutu kuiacha mchana kwa ajili ya mchezo, na wasio na kazi hawakuwa na kiingilio. Wilkinson akaona kwamba mchezo uhamie usiku. Inasemekana aliweka rehani mali yake, akamwingiza mshirika, Tom Baird, akaagiza mtambo wa kufulia umeme na milingoti ya taa iliyosimikwa juu ya malori, ikakunjuliwa uwanjani jioni na kukunjwa tena usiku wa manane kwa safari ya mji mwingine. Mtambo ulinguruma hadi wachezaji wakawa hawasikilizani, na mpira uliopaa juu ya taa ulipotelea gizani. Lakini watu walikuja. Usiku wa kwanza ulikuwa tarehe 28 Aprili 1930, huko Enid, Oklahoma. Ligi kuu za wazungu, pamoja na fedha zao zote, zilicheza usiku kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1935, miaka mitano baadaye.

Nyumbani Kansas City, timu ilikuwa zaidi ya timu. Jumapili ya ufunguzi wa msimu makanisa ya weusi yalitanguliza ibada kwa saa nzima, na waumini wakatoka humo na mavazi yao ya kanisani moja kwa moja hadi uwanjani. Kwingineko mambo yalikuwa mengine. Mabingwa hawa walinyimwa vyumba hotelini na chakula mikahawani, wakalala ndani ya basi. Buck O'Neil, mchezaji na baadaye kocha wa timu, alipenda kusimulia kituo kimoja cha petroli huko Oklahoma ambako Monarchs walijaza mafuta miaka nenda miaka rudi, ilhali choo chake walikatazwa. Robinson, mgeni katika timu, alipokatazwa, alimwambia mwenye kituo auchomoe mpira wa mafuta katika tangi. Mtu yule akapiga hesabu ya galoni anazozikosa, akawaruhusu. O'Neil mwenyewe siku hizo alikuwa katika jeshi la wanamaji, kwa hiyo naye aliisikia kwa wenziwe; lakini tangu hapo, asema, timu haikununua tena mafuta mahali isipoweza kutumia choo.

Ligi ya pili ilianzishwa mwaka 1933 na Gus Greenlee wa Pittsburgh, tajiri wa bahati nasibu za magendo, na mwaka 1937 Monarchs wakawa miongoni mwa waanzilishi wa Ligi ya Marekani ya Weusi. Mwaka 1942 waliwashinda Homestead Grays michezo minne mfululizo katika fainali. Hapo ndipo mrushaji Satchel Paige, vituo vyote vikiwa na wakimbiaji, alipomkabili Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, akamtoa kwa mipira mitatu. Paige alidai kwamba aliwaachia wapigaji wengine makusudi ili apate kukutana na Gibson. Magazeti ya siku ile hayaungi mkono dai hilo, nami sioni kama fahari yake inalihitaji.

Turejee sasa kwenye deni. Rickey alipoulizwa kwa nini hakuilipa Monarchs, alijibu kwamba ligi za weusi hazikuwa ligi za kweli bali biashara za ulaghai. Kweli, mikataba yao mingi ilikuwa dhaifu. Lakini ligi isiyo ya kweli ilikuwa imemlea mchezaji wa kweli, na Rickey alimchukua pia Don Newcombe kutoka Newark Eagles kwa njia ile ile. Baird alitaka kulalamika. Wilkinson akasema kwamba wanastahili kulipwa, ila hawatamzuia kijana. Walikuwa wamebanwa. Mwenye timu ya weusi ambaye angeonekana anamzuilia Robinson njia asingesamehewa na watu wake mwenyewe.

Bibi Effa Manley, mwenye Newark Eagles pamoja na mumewe, ndiye aliyesema waziwazi, na mwaka 1947 alilipwa na Cleveland dola 15,000 kwa ajili ya Larry Doby, akijua fika kwamba mchezaji mweupe wa kiwango kile angegharimu mara kadhaa ya hizo. Robinson alicheza mchezo wake wa kwanza Brooklyn tarehe 15 Aprili mwaka huo huo. Mashabiki weusi wakamfuata, kwa magazeti, kwa redio na kwa treni. Mwaka 1946, walipokuwa mabingwa, Eagles walitazamwa na watu wapatao 120,000. Mwaka 1947 wakawa 57,000. Mwaka 1948 kama 35,000. Mwisho wa msimu huo Bibi Manley aliiuza timu, na Ligi ya Taifa ya Weusi ikafungwa. Wilkinson naye akauza hisa zake. Monarchs walibaki wakiuza vijana ili waishi, miongoni mwao Ernie Banks aliyekwenda Chicago Cubs mwaka 1953, hadi timu yenyewe ikazimika katika miaka ya 1960.

Sisemi kwamba Robinson angengoja. Lakini mlango haukufunguliwa namna Foster alivyotarajia. Waliingia wachezaji, makocha, waamuzi, makarani na wenye timu wakabaki nje. Kocha mkuu mweusi wa kwanza katika ligi kuu hakupatikana hadi 1975. Gibson hata kuuona mlango hakuuona: alifariki tarehe 20 Januari 1947, na umri wake miaka 35.

Mwaka 2006 kamati maalumu iliwaingiza watu 17 wa zama za ligi za weusi katika Ukumbi wa Mashujaa huko Cooperstown, Wilkinson, Méndez na Bibi Manley wakiwamo. O'Neil, aliyekuwa na miaka 94, hakupata kura za kutosha. Aliombwa awasemee hao 17, ambao wote walikuwa wameshafariki. Alikwenda, akawasemea, na akawaimbisha waliohudhuria. Alikufa mwezi wa Oktoba mwaka huo. Jina lake liliingizwa mwaka 2022.

Mwezi wa Desemba 2020 ligi kuu zilitangaza kwamba ligi saba za weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zao zikaunganishwa na nyingine. Gibson, kwa mapigo 372 katika kila majaribio 1,000, akampita Ty Cobb mwenye 367. Hesabu yenyewe haijakamilika. Karibu robo tatu tu ya rekodi za michezo ile zimepatikana. Zilizobaki bado zinatafutwa katika kurasa za magazeti ya weusi ya wakati huo, ambako matokeo ya mchezo aghalabu yaliandikwa kwa mstari mmoja, na majina ya wapigaji hayakuandikwa.