Namba 1024 Ilipewa Chumba

Ukipata barua pepe kutoka kwa mhandisi wa mitandao mwenye cheti cha CCIE, angalia chini, kwenye saini. Mara nyingi jina lake linafuatiwa na namba. Hiyo ni nafasi yake kwenye foleni iliyoanza mwaka 1993, kampuni ya Cisco ya Marekani ilipoanzisha mtihani wa mafundi wa ngazi ya juu kabisa. Foleni haikuanzia 1. Ilianzia 1024, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 10. Kwa watu wa kompyuta hiyo ni namba ya mviringo kama 1000 ilivyo kwa muuza duka. Na hiyo 1024 hakupewa mtu, ilipewa maabara ya mtihani. Yaani chumba! Namba 1025 ilikwenda kwa Stuart Biggs, aliyeutunga mtihani. Terry Slattery, mtu wa kwanza kuufanya na kufaulu, akapata 1026. Hakuwa mwajiriwa wa Cisco, lakini usimwonee huruma: alikuwa ameshiriki kuitengeneza sehemu ya programu ya ruta inayopokea amri unazochapa.

Kukipa chumba namba ya kwanza ni utani wa wahandisi, ila una maana yake. Vyeti vya kompyuta vilikuwepo tayari; Novell, kwa mfano, ilikuwa na chake. Vingi ulivipata kwa kuchagua jibu kati ya a, b, c na d. Hapa kulikuwa na mtihani wa maandishi pia, lakini huo ulikuwa mlango tu. Kazi yenyewe ilikuwa chumbani.

Hebu jiweke pale, miaka ile ya 1990. Siku ya kwanza unapewa ruta, swichi, nyaya na karatasi inayoeleza mtandao unaotakiwa kuujenga. Jioni msimamizi anakagua. Alama hazijatosha? Kesho usije. Zikitosha, asubuhi ya siku ya pili unaendelea kujenga. Ukivuka na hapo, unaambiwa nenda kale chakula cha mchana. Na wewe ukiwa unakula, yeye anaingia kwenye mtandao wako ulioujenga kwa jasho, anauharibu makusudi. Ukirudi unakuta umekufa. Ufufue, saa inakwenda.

Kwangu mimi, kile kipande cha baada ya chakula ndicho kilichokuwa mtihani hasa. Chukua ruta mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja, zinazotumia OSPF kuambiana njia. Kila moja hutuma salamu kwa jirani yake, kwa kawaida kila baada ya sekunde 10 kwenye mtandao wa Ethernet. Sasa msimamizi aende kwenye moja, aweke 15. Basi. Waya ni mzima, taa ni za kijani, ukituma ujumbe wa majaribio kutoka ruta moja hadi nyingine jibu linarudi. Lakini ruta hizo hazitakuwa majirani, kwa sababu OSPF inataka pande zote mbili zikubaliane muda wa salamu. Aliyekariri amri ataanza kuzichapa upya zote, mpaka muda umwishie. Anayejua OSPF inavyofanya kazi atajiuliza: ni mambo gani lazima yalingane? Atayaangalia moja moja, na baada ya dakika chache amemaliza.

Lakini chumba kimoja kina viti vichache. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 intaneti ilikuwa imelipuka, na watahiniwa wakawa wanangoja nafasi kwa miezi. Oktoba 2001 Cisco wakaukata mtihani ukawa wa siku moja ya saa 8, na kile kipande cha kuharibiwa mtandao kikaondoka kama sehemu inayojitegemea. Foleni ilipata nafuu, sawa. Ila naona ndipo walipowarahisishia wakariri, maana mtandao wa kujenga tu unaweza kuuziwa majibu yake mtaani. Mwanzoni mwa 2009 waliongeza maswali mafupi ya kujieleza kwa maneno yako mwenyewe, ili kuwanasa waliokuja na majibu ya kukariri. Hayo hayakudumu. Kilichodumu zaidi kilikuja Oktoba mwaka huohuo, kwenye tawi maarufu zaidi la mtihani: saa 2 za kutafuta hitilafu, zikiwa sehemu yake peke yake. Walirudi kwa Biggs, ukipenda.

Thamani yake sokoni nayo usiichukulie kuwa ni ya elimu tupu. Kwa miaka mingi kampuni iliyotaka daraja la juu la ushirika na Cisco ililazimika kuajiri wenye CCIE kadhaa, kwa hiyo mwenye kuuza cheti ndiye aliyekitengenezea wateja. Ukikitaka leo, piga hesabu: kwa miaka ya karibuni maandishi ni dola 400, maabara dola 1,600, na hapo hujanunua tiketi ya ndege. Wengi hawafaulu mara ya kwanza, na kila kurudi unalipa upya. Tangu Februari 2020 maabara inakudai pia ujue kuandika programu za kuendesha mtandao, na baada ya miaka 3 cheti hufikia mwisho usipokihuisha. Namba, hata hivyo, hapewi mtu mwingine.