Sindano ya Roboti na Swali la Kasongo

Mwaka 1981 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha utafiti kutoka Kasongo, kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, uliozua mjadala wa miaka mingi. Uliandikwa na timu ya Mradi wa Kasongo, kazi iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp na Zaire ya wakati ule. Kwamba chanjo huzuia surua lilikuwa jambo linalojulikana. Timu hiyo iliuliza zaidi ya hapo: mtoto aliyeepushwa na surua, je, ataishi? Katika watoto wa miezi 7 hadi 35, waliochanjwa walinusurika zaidi, ila faida ilipungua kadiri umri ulivyosonga, kana kwamba baadhi ya waliookolewa walichukuliwa na maradhi mengine. Mtafiti Peter Aaby, kwa ushahidi wa Guinea-Bissau, aliupinga ufafanuzi huo, na thamani ya chanjo imethibitika. Hata hivyo swali lenyewe lilikuwa sahihi, nalo ndilo la kupimia kifaa kipya kinachosifiwa leo: roboti inayoongoza sindano ya kuchukua kinyama cha tezi dume ili kichunguzwe kama kina saratani.

Historia ya sindano hiyo ni historia ya kutafuta macho. Kwa miaka mingi daktari aliongozwa na ncha ya kidole chake. Baadaye ikaja ultrasaundi, na mwaka 1989 Hodge na wenzake wa Stanford wakaeleza namna ya kuchoma mara 6 kwa mpangilio, pande zote mbili za tezi. Njia hiyo ilienea duniani ingawa ina upungufu: ultrasaundi huonyesha tezi vizuri kuliko inavyoonyesha uvimbe ulio ndani yake, hivyo sindano inaweza kupita kando ya saratani. MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, ndiyo iliyobadilisha mambo. Katika utafiti wa PRECISION wa mwaka 2018, uliohusisha wanaume 500, waliotangulizwa MRI waligunduliwa saratani ya hatari kwa asilimia 38, dhidi ya asilimia 26 ya waliochomwa kwa njia ya zamani. Saratani ndogo, ambazo pengine zisingemdhuru mtu maishani, ziligunduliwa kwa asilimia 9 tu badala ya 22.

Roboti nayo ina safari yake. Mwaka 1985, huko Long Beach, Marekani, mkono wa mashine ya kiwandani uliongoza sindano kwenye ubongo wa mgonjwa kwa kufuata picha ya CT. Mwaka 1991 roboti ya Imperial College ya London ilikata nyama ya tezi dume ya mgonjwa. Kazi ya kuingia kwenye mashine ya MRI ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa sumaku yake haivumilii mota za kawaida. Ndipo Dan Stoianovici na wenzake wa Johns Hopkins wakabuni mota inayoendeshwa kwa hewa. Roboti haitetemeki, hukokotoa pembe ya sindano, na inaweza kuipitisha kwenye ngozi ya msamba badala ya njia ya haja kubwa, jambo linalopunguza maambukizi. Lakini tuwe waangalifu: faida iliyoonekana katika PRECISION ilitokana na picha, si na roboti.

Kuna watakaosema kwamba kuisubirisha roboti ni kuwahukumu watu wa Kasongo wabaki nyuma. Simu ya mkononi ilifika vijijini bila kusubiri nyaya. Kwa nini roboti isifike vivyo hivyo? Hoja hiyo ina uzito, ila simu ikishapata mnara na umeme hufanya kazi yake yote. Kinyama kilichotolewa kwa usahihi wa milimita hakina maana bila mtaalamu wa patholojia wa kukisoma, wala jibu lake halimfai mgonjwa asiye na njia ya kupata upasuaji, mionzi au dawa. Hapo Kasongo ina somo la pili. Mwaka 1988 watafiti Van Lerberghe na Pangu walionyesha kuwa watu waliokuwa na kituo cha afya karibu walilazwa hospitalini mara chache zaidi. Faida hiyo ilitokana na mtandao mzima: kituo, rufaa na hospitali.

Kwa hiyo roboti isikataliwe, bali ipewe zamu yake. Fedha zikipatikana Maniema, zianzie kwenye maabara ya patholojia, ultrasaundi na usafiri wa rufaa; MRI ifuate, na roboti ije mwisho. Na wewe mwanaume uliyevuka miaka 50, ukiona mkojo unatoka kwa shida au una damu, nenda kituo cha afya mapema. Mara nyingi chanzo si saratani, lakini kuchelewa hakujawahi kumponya mtu.