Abiria Asiyehesabiwa: Vipimo vya Usafiri na Mgawanyo wa Fedha Wilayani Rungwe

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, ili fedha hizo ziende kwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Kwa kata kama Ibighi, pembeni mwa Tukuyu, uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Hata hivyo, fedha zikishapatikana lazima paamuliwe zianzie wapi, na vipimo vinavyoongoza uamuzi huo ni vya barabara yenyewe: urefu wake, hali ya tabaka lake la juu, madaraja na makalavati. Nyuma ya vipimo hivyo limejificha dai linalorudiwa bila kuhojiwa, kwamba barabara ikipitika magari yatakuja yenyewe. Makala haya yanalipinga dai hilo. Fedha za usafiri zigawanywe kwa kupima safari ya mtu tangu anapotoka nyumbani hadi anapofika, la sivyo zitaendelea kuwafuata wale ambao tayari wanasafiri.

Kipimo kinachotajwa sana kimataifa kilipendekezwa na Benki ya Dunia mwaka 2006, na baadaye kikaingizwa katika Malengo ya Maendeleo Endelevu: asilimia ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Ni kipimo chepesi kueleweka, na kimesaidia kuwabana watunga sera waliozipuuza barabara za vijijini. Lakini kinahesabu barabara, hakihesabu gari. Kilomita 2 za bondeni Rungwe, mvua zinaposhika kuanzia Novemba hadi Mei, hazilingani na kilomita 2 za tambarare ya Usangu wakati wa kiangazi. Mama aliyebeba mkungu wa ndizi kichwani hupanda mteremko wenye utelezi kwa hatua fupi, akitafuta mizizi ya kukanyagia. Akifika barabarani, huenda gari la abiria aina ya Noah lililojaa tangu lilikotoka likampita bila kupunguza mwendo. Katika takwimu, mama huyo ameshafikiwa na huduma.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote katika hoja hii haukutoka mbali. Ulitoka Makete, ng'ambo ya uwanda wa Kitulo, ambako katikati ya miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani lilishiriki kuchunguza usafiri wa kaya kwa undani uliokuwa nadra wakati huo. Wachunguzi walihesabu muda na mizigo ya kila kazi badala ya magari yaliyopita. Walichokuta kiliitikisa taaluma: sehemu kubwa ya usafiri wa kaya haikugusa barabara kabisa. Ilikuwa safari za miguu kwenda kisimani, kutafuta kuni, shambani na mashineni, na mzigo mkubwa wa kazi hiyo ulikuwa juu ya wanawake. Hivyo mradi uliofuata ukaanza kushughulikia njia za miguu, punda na mashine za kusaga zilizosogezwa karibu na watu. Kipimo kilipobadilika, hata tafsiri ya uwekezaji katika usafiri ilibadilika. Sioni kwa nini somo hilo, lililopatikana katika wilaya jirani, limeachwa nje ya mipango ya leo.

Inaweza kujibiwa kwamba Makete ile haikuwa na bodaboda. Ni kweli, na pikipiki imefupisha safari nyingi: humfikisha mgonjwa Hospitali ya Makandana usiku ambao hakuna basi la Coaster, na huteremsha madumu ya maziwa kabla hayajaharibika. Lakini pikipiki hudai fedha taslimu kwa kila safari, na bei yake hupanda njia inapoharibika. Haikufuta mzigo uliopimwa Makete. Imeugawa upya kati ya wenye fedha mkononi na wasio nazo. Kwa hiyo gharama ya kipande cha kwanza, kutoka nyumbani hadi kituoni, lazima iingie kwenye hesabu, maana nauli elekezi ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) kwa mabasi haimkuti abiria huyu mpaka afike kwenye lami.

Wapo watakaosema basi tuhesabu abiria, kama inavyofanyika kwa mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam yaliyoanza mwaka 2016. Hapa tahadhari inahitajika zaidi. Idadi ya waliopanda haisemi lolote kuhusu waliobaki kituoni. Tena mabasi yakipungua na msongamano ukazidi, wastani wa abiria kwa kila basi huonekana kupanda. Kipimo cha namna hiyo kikiletwa Rungwe, kitaipendelea barabara kuu ya Uyole hadi Kyela, yenye abiria wengi kwa kila kilomita, na vijiji vya milimani vitaonekana hasara. Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart alionya mwaka 1975 kuwa kipimo hupoteza uaminifu kinapogeuzwa shabaha, na onyo hilo halijakanushwa.

Pingamizi zito zaidi ni gharama: halmashauri haina watu wa kukusanya takwimu za kila kaya. Haihitaji kufanya hivyo. Watendaji wa vijiji, wakishirikiana na zahanati na vituo vya kukusanyia maziwa, wanaweza kuhesabu katika siku chache za gulio, ndani ya mwezi wa Aprili na tena ndani ya Septemba, muda wa kungoja, jumla ya nauli hadi Tukuyu, na watu waliorudi nyumbani bila kupata gari. Tofauti kati ya miezi hiyo miwili ndiyo ionyeshe wapi kalavati moja lina thamani kuliko kilomita kadhaa za kuchonga upya. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata kabla bajeti haijafungwa, na TARURA itakiwe kueleza kwa maandishi kila inapoamua kinyume chake.