Mama C na Sahani ya Kansas City

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Siku hizi methali hii tumeifanya ya karamu tu: mgeni akifika kuku anachinjwa, na mwenyeji naye anafaidi paja. Lakini Arusha kuna historia inayoirudishia uzito wake. Ni historia ya Charlotte Hill O'Neal, ambaye vijana wanamwita Mama C.

Alizaliwa mwaka 1951 Kansas City, jimbo la Kansas, Marekani. Akiwa bado msichana alijiunga na Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi kilichoanzia Oakland mwaka 1966. Magazeti ya kule yalipenda kuonyesha bereti nyeusi na bunduki. Sahani ya chakula haikupigwa picha sana. Kuanzia mwaka 1969 chama kiliwapa watoto kifungua kinywa bure kabla ya kwenda shule, na tawi la Kansas City nalo lilifanya hivyo. Msomaji, iweke akilini sahani hiyo, maana tutairudia.

Kiongozi wa tawi lile alikuwa Pete O'Neal, ambaye Charlotte aliolewa naye. Mwaka 1970 Pete alihukumiwa miaka 4 jela kwa kuvusha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine. Hakungoja kufungwa. Wakatoroka, wakakaa Algeria, na mwaka 1972 wakaingia Tanzania, nchi iliyokuwa imewafungulia mlango wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Hatimaye wakajenga Imbaseni, kijiji cha Wameru nje ya mji wa Arusha.

Ukimbizini ndiko wengi hukwama. Mtu anakaa akihesabu alivyoviacha kwao mpaka mvi zinamkuta. Hawa wawili walichagua njia nyingine. Mwaka 1991, hapo hapo nyumbani kwao, walianzisha kituo cha United African Alliance Community Center, kwa kifupi UAACC. Vijana wakaja kujifunza Kiingereza, kompyuta, uchoraji na muziki, bila ada. Kuta zikajaa picha za rangi. Ikapatikana na studio ya kurekodia.

Angalia na majira yenyewe. Miaka hiyo hiyo ndiyo Saleh Jabir alikuwa akivuma kwa kughani rap kwa Kiswahili, na mwaka 1993 Kwanza Unit wakaundwa Dar es Salaam. Wazee wengi walisema huo ni uhuni, eti watoto wameiga Marekani. Sasa hapo Imbaseni alikuwepo mama aliyetoka Marekani yenyewe, kwenye mitaa ya Weusi, anayejua kwamba maneno ya mtaani yanaweza kubeba madai ya watu. Kijana mwenye mistari kichwani hakuhitaji kujieleza sana kwake.

Yeye mwenyewe hakubaki na fani moja. Anaandika mashairi, anachora, anaimba, anatengeneza video. Akiwa mtu mzima tayari akajifunza nyatiti, ala ya nyuzi 8 ya Wajaluo, ambayo kwa mila ilikuwa ya wanaume. Mpigaji hukaa chini, vidole vya mkono vinacheza na nyuzi huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mdundo. Mwalimu anayekubali kuwa mwanafunzi tena, tena mbele ya vijana wake, anawafundisha hata kabla hajafungua mdomo.

Historia hii ina uchungu wake pia. Hukumu ya Pete ilimfungia njia ya kurudi kwao, na filamu ya A Panther in Africa ya mwaka 2004 inaonyesha maisha hayo ya mtu asiyeweza kurudi. Charlotte hakuwa na hukumu hiyo. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepanda ndege, akazunguka Marekani na mashairi na ala zake, akisimama mbele ya wanafunzi na watu wa mitaa kama ile aliyokulia. Nao vijana wa kule wakaja Imbaseni, wakakutana na wa huku.

Kijiweni kwetu kuna hoja moja haiishi: msanii akijigawa hivi, leo darasa, kesho studio, keshokutwa watoto, ataandika saa ngapi? Aliye na kipawa si afadhali ajifungie? Hoja ina ukweli wake, maana saa zilizotumika kumsikiliza kijana hazirudi kwenye daftari. Lakini kwa Mama C sioni mahali pa kukata, kwamba hapa mwisho wa sanaa na hapa mwanzo wa huduma. Sahani ile ya Kansas City haikuwekwa kabatini alipohama. Iligeuka ikawa darasa, maikrofoni na brashi, na wanaokula ni watoto wa Arusha.

Nasi tunaoandika mjini, tunaolalamika kila siku kwamba hatuna ukumbi wala mfadhili, tujiulize: yule dogo wa mtaani anayeficha daftari lake, nani amewahi kumwambia alete tusome?