Ugatuzi wa madaraka na umaskini Kasese na Bwera

Ugatuzi wa madaraka wilayani Kasese ni utaratibu wa kushusha mamlaka, watumishi na fedha za umma kutoka Kampala hadi kwenye halmashauri za wilaya, gombolola (kitengo kilicho kati ya wilaya na kijiji) na kijiji. Uganda ilianza kuutekeleza mwaka 1993, ukapata nguvu katika Katiba ya 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997. Kasese ipo magharibi mwa nchi, chini ya milima ya Rwenzori, ikipakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Bwera ni mji wake wa biashara upande wa mpakani, jirani na kituo cha forodha cha Mpondwe. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, ni Kasindi. Sensa ya 2014 ilihesabu watu karibu 695,000 wilayani. Zaidi ya nusu ya ardhi ni hifadhi, hasa mbuga ya Queen Elizabeth na ile ya milima ya Rwenzori, kwa hiyo wakulima wengi hulima miteremko mikali yenye mashamba madogo.

Chimbuko

Kudai madaraka karibu na wananchi si jambo lililoletwa hapa na wafadhili. Mwaka 1962 Wakonzo na Waamba, wenyeji wa eneo hili, walitaka wilaya yao nje ya ufalme wa Toro, wakilalamika kwamba kodi ilipanda kwenda Fort Portal, makao ya Toro, lakini shule na nafasi za kazi hazikushuka kuwafikia. Walipokataliwa, harakati za Rwenzururu chini ya Isaya Mukirane ziligeuka vita vya msituni. Idi Amin aliwakatia wilaya mwaka 1974, na mwaka 1982 Charles Mumbere, mwana wa Mukirane, alishuka mlimani na wapiganaji wake kwa makubaliano na serikali ya Milton Obote.

Ngazi za utawala

Baada ya vuguvugu la NRM kushika nchi mwaka 1986 yaliundwa mabaraza ya wananchi, ambayo sasa huitwa LC (mabaraza ya mitaa): LC1 ya kijiji, LC2 ya muluka (vijiji kadhaa), LC3 ya gombolola (miluka kadhaa), LC4 ya saza (gombolola kadhaa) na LC5 ya wilaya. Kwa mtu wa kawaida serikali ni mwenyekiti wa LC1. Ndiye anayegonga mhuri kwenye barua ya utambulisho au ya mauzo ya shamba, na ndiye anayeamua ugomvi wa mpaka wa kahawa ya fulani na migomba ya mwenzake. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngazi za kijiji na muluka hazikupigiwa kura tena hadi Julai 2018, wananchi walipopanga mistari nyuma ya wagombea. Ugatuzi uliosahau kumchagua upya kiongozi wa kijiji kwa zaidi ya miaka 15 hauwezi kusifiwa sana kwa kuwapa maskini sauti.

Fedha

Hapa ndipo penye kiini cha suala lenyewe. Kwa sheria ya 1997, gombolola ya kijijini ilibaki na asilimia 65 ya mapato iliyokusanya, na mhimili wa mapato hayo ulikuwa kodi ya kichwa iliyotozwa kwa madaraja. Wanaume wasio na kitu waliichukia. Walikimbilia mashambani waliposikia wakusanyaji wanakuja. Ilisitishwa mwaka 2005, uchaguzi mkuu ukikaribia. Maskini walipata ahueni ya kweli, nazo gombolola zikabaki na ofisi zisizo na fedha.

Tangu hapo zaidi ya asilimia 90 ya bajeti za wilaya hutoka serikali kuu, nyingi zikiwa ruzuku zenye masharti: hii ya mishahara ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara. Kijiji kinaweza kukaa kikao, kikapanga bomba la maji ya mserereko liwe la kwanza, kikapeleka pendekezo muluka, likapanda gombolola hadi wilayani, kisha likakutana na fedha ambazo Kampala imeshaamua zijenge madarasa. Ushuru wa forodha wa Mpondwe, mojawapo ya mipaka yenye shughuli nyingi kati ya Uganda na Kongo, huenda kwa Mamlaka ya Mapato; halmashauri ya mji hubaki na ada za soko na maegesho. Kutoka mbugani, jamii jirani hupata asilimia 20 ya viingilio. Kwa madini, Sheria ya 2003 iliziachia serikali za mitaa asilimia 17 ya mrabaha, katika wilaya yenye chokaa ya Hima na iliyowahi kuwa na mgodi wa shaba wa Kilembe.

Athari kwa umaskini

Kitaifa, walio chini ya mstari wa umaskini walipungua kutoka asilimia 56 mwaka 1992/93 hadi 19.7 mwaka 2012/13. Kuupa ugatuzi sifa yote hiyo ni kupotosha: kulikuwa na amani sehemu kubwa ya nchi, bei nzuri ya kahawa katikati ya miaka ya 1990, na msamaha wa madeni uliogharimia huduma.

Mchango wa ugatuzi unaonekana zaidi kwenye huduma kuliko mfukoni. Elimu ya msingi bila ada ilianza 1997 na ada za matibabu katika vituo vya serikali zikafutwa 2001, na vituo vya afya vikapangwa kwa kufuata ngazi za muluka, gombolola na saza. Ukaribu huo pekee hautoshi. Uchunguzi wa kitaifa uligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilifikiwa na wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Hali ilibadilika baada ya serikali kuanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa na kuagiza kibandikwe shuleni, mzazi akiweza kumhoji mwalimu mkuu.

Faida ya kuwa na wahudumu wa afya karibu na mpaka ilionekana Bwera Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na familia yake alipogunduliwa kuwa na Ebola. Ugonjwa haukuenea upande wa Uganda.

Kipato ni habari nyingine. Mkulima wa kahawa katika saza la Bukonzo hakuinuliwa na kikao cha LC3, bali zaidi na vyama vya ushirika kama Bukonzo Joint cha Kyarumba, vilivyompa mahali pa kuuza kahawa iliyosafishwa vizuri badala ya kumwachia mchuuzi. Mpango wa Maendeleo ya Muluka, uliozinduliwa Februari 2022, unajaribu kuziba pengo hilo la kipato: kila muluka hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka kupitia chama cha akiba na mikopo, na kaya hukopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Lakini kiwango, riba na masharti vyote vimepangwa Kampala.

Mambo mengine yamekuwa na uzito zaidi kuliko muundo wa utawala: mashambulizi ya waasi wa ADF tangu Novemba 1996 hadi mauaji ya wanafunzi wa shule ya sekondari Mpondwe Juni 2023, mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2013 na 2020, na mapigano ya Novemba 2016 kwenye ikulu ya ufalme wa Rwenzururu, uliotokana na harakati zile za awali, mjini Kasese, yaliyoua watu zaidi ya 100.

Madai ya wilaya ya Bwera

Wilaya za Uganda, zilizokuwa 45 mwaka 1997, zimezidi 130. Wako wakazi wa Bukonzo Magharibi, eneo ilipo Bwera, wanaotaka Bwera iwe wilaya, wakitaja umbali wa makao makuu. Wafuasi wengi wa ufalme wa Rwenzururu wanahofia kuwa Kasese itagawanywa ili kudhoofisha umoja wao. Wilaya mpya ingeleta mwenyekiti, baraza na mishahara mipya. Isingebadili ushuru wa Mpondwe unakokwenda.